Wataalamu wa CBT mtandaoni, kuuliza "unatibu vipi" ni dharau?

Wakuu, habari za jioni. Uzi mrefu huu, asiyependa kusoma apite tu kimyakimya, maana leo yamenifika hapa kooni.

Nina tatizo la hofu ya ghafla. Kwa asiyeijua: umekaa zako kwenye daladala ya Buhongwa, hujagombana na mtu, hudaiwi, mara moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinaingia ganzi, kifua kinabana, jasho linakutoka, na akili yote inakwambia unakufa sasa hivi, hapa hapa, kati ya konda na mama mwenye ndoo ya dagaa. Baada ya dakika chache imepita, na hujafa. Nimepimwa moyo, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, safi. Presha sawa. Daktari aliyenipima, mzee mmoja mstaarabu sana, akaniambia kijana, hili haliui na linatibika, tena wengi wanapona bila vidonge. Tafuta mtu anayefanya CBT, ile tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na tabia. Kwa hapa Mwanza hakuwa na wa kunielekeza, akasema siku hizi wapo mtandaoni.

Kweli wapo. Andika neno "wasiwasi" kwenye simu yako mara moja tu, wiki nzima Instagram inakuletea suti, miwani, tabasamu, bango la Kiingereza na namba ya kulipia. Na hasira yangu si kwamba kati yao wamo wabaya, wabaya wako kila fani. Hasira yangu ni kwamba mgonjwa hapewi njia yoyote ya kujua nani anamfaa kabla hela haijatoka, na akithubutu kuuliza anaonekana mjuaji.

Wa kwanza nilimuuliza kwenye WhatsApp swali moja: tukianza, kwenye hivyo vikao tutafanya nini hasa? Ikaja sauti ndefu. Kwamba ana uzoefu, kwamba ameshahudumia vigogo ambao hawezi kuwataja, kwamba uponyaji ni safari. Nikarudia: sawa mkuu, ila hofu ya ghafla unaitibu vipi? Jibu: "Ndugu yangu, mgonjwa hamfundishi daktari kazi. Lipia, mengine utayaona humo ndani." Jamani! Fundi simu wa Makoroboi, kabla hajashika bisibisi, anakwambia tatizo ni kioo au ni chaji, na bei yake. Huyu anataka kufungua kichwa changu na hataki kusema anakwenda kufanya nini.

Na nilichouliza si siri ya kazi. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, aliianzisha tiba hii miaka ya 1960, na tangu hapo inaandikwa, inapimwa na kufundishwa hadharani. Kwa hofu ya ghafla yenyewe, mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mwaka 1986 mzunguko ambao mtaalamu anayejua kazi anaweza kukuchorea nyuma ya risiti. Mwili unabadilika kidogo, labda umepanda ngazi au umekunywa kahawa. Wewe unatafsiri kwamba moyo unasimama. Tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza mapigo, mapigo yanakuhakikishia kwamba tafsiri ilikuwa kweli. Basi kazi ni kuijaribu hiyo tafsiri. Mtaalamu anakuambia upumue harakaharaka makusudi, anakuzungusha kwenye kiti, anakukimbiza pale pale ulipo mpaka dalili zije, halafu mnaangalia wote wawili: moyo umesimama? Ukishazoea mnahamia barabarani, unapanda gari lile lile unaloliogopa, hatua kwa hatua, bila kuchagua siti ya mlangoni, bila simu mkononi tayari kumpigia kaka.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayoshauri huduma za afya kule Uingereza, unasema kwa tatizo hili inafaa saa 7 hadi 14 kwa jumla, na kwa walio wengi iwe imekwisha ndani ya miezi minne. Saa 7 hadi 14, wakuu. Huyu bwana wa "mengine utayaona humo ndani" alikuwa anauza kifurushi cha mwaka mzima, kinalipwa chote mbele.

Wa pili ndiye aliyeniumiza, maana huyu nilimlipa. Mama mpole, sauti ya kubembeleza, anakusikiliza mpaka unataka kulia. Elfu sabini kwa saa, natuma kwa simu, ananijibu kwa ujumbe wa "karibu mwanangu". Mwanzoni nikajua nimefika. Kazi za nyumbani alizonipa ni hizi: niache daladala kwa muda, nipande bajaji mpaka nitulie. Nikilazimika kupanda basi nikae karibu na mlango. Nitembee na maji na pipi. Dalili zikianza, nishuke.

Nikafuata yote. Hofu ya daladala ikahamia kwenye bajaji. Kutoka kwenye bajaji ikaenda kwenye foleni ya benki, kisha msikitini, siwezi tena kukaa safu ya katikati siku ya Ijumaa. Na sababu iko wazi: kila ukishuka garini, ubongo wako unajiambia umenusurika kwa sababu umeshuka. Kesho gari linakuwa la kutisha zaidi. Hizo chupa za maji na siti za mlangoni zinaitwa tabia za kujilinda, ni mambo ya awali kabisa kwenye tiba hii, ndiyo kitu cha kwanza mtaalamu anachokusaidia kuacha. Huyu mama alinipa kama dawa! Na kwenye bango lake herufi CBT ni kubwa kuliko jina lake.

Nilipomwambia nimesoma kwamba inatakiwa kuwa kinyume, alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda kuombewa. Nikamwambia mama, mimi Muislamu. Akasema basi kisomo. Kisomo nimesomewa na bibi yangu kabla hata sijaisikia CBT, na sina ugomvi na dua hata kidogo. Ila kwa bibi sikutuma elfu sabini.

Sasa kabla hujaniambia "nenda kwa Wazungu", nilikwenda. Mtandao mmoja wa nje, unalipa kwa kadi, kwa dola, wanakata kila mwezi hata kama hujaingia. Nikapewa bwana mmoja wa Marekani. Huyu kazi anaijua, siwezi kumsingizia. Alinichorea mzunguko siku ya kwanza. Alinipa fomu ya kuandika nini kilitokea, nikafikiri nini, ushahidi uko wapi. Alinipimisha kwa GAD-7, dodoso la kupima wasiwasi, maswali saba tu, alama 0 hadi 21, kabla ya kila kikao, ili tuone kama tunasogea au tunapiga soga. Dodoso hilo ni la bure na halimalizi dakika tano. Kwa nini wa hapa nyumbani hakuna hata mmoja aliyenipa?

Lakini yeye na mimi hatukuivana. Nikishikwa siwazi kwa Kiingereza, kwa hiyo kwenye fomu nilikuwa naandika insha badala ya kile kilichopita kichwani. Muda wake wa kazi kwangu ni usiku wa manane. Na zoezi la kwanza la barabarani aliniambia nipande basi likiwa tupu, nikae kidogo, liondoke na abiria wachache. Nani amewahi kuona daladala tupu ikiondoka stendi? Nilipomweleza kwamba tunajaa mpaka mlangoni na wengine wamesimama, alishtuka yeye kuliko mimi. Kumweleza maisha yangu kukawa kunakula nusu ya saa niliyolipia.

Halafu kuna hili la siri, ambalo watu wanadhani nje ndiko salama. Sisemi mtandao nilioutumia mimi, nasema kilicho hadharani: mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp, kampuni ya tiba ya mazungumzo mtandaoni, kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, huku wateja wakiwa wameahidiwa siri. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Hiyo ni nchi yenye macho makali. Huku kwetu yule mama mpole aliweka kwenye stetasi yake kipande cha mazungumzo yetu, "mteja wangu wa Mwanza, kijana, hofu ya magari, sasa anaendelea vizuri", na namba ya kulipia chini. Jina hakuweka. Ila binamu yangu naye ana namba yake, akanitumia akiuliza "huyu siyo wewe?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Nilipomkumbusha, akasema alikuwa anawatia moyo wengine.

Mambo ya bando na nyumba za kupanga nisiyaseme sana, mnayajua. Ukuta wangu na wa jirani ni mbao, namsikia akikoroma, kwa hiyo naye angesikia kila kitu. Vikao vyote nimefanya ndani ya gari la rafiki yangu lililoegeshwa, vioo nimepandisha, joto la Mwanza. Mtandao ukikata kwangu saa inahesabika. Ukikata kwake, inahesabika kwangu pia.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla sijalipa, nipewe dakika kumi na tano za kuongea na mtu nimsikie. Aniambie kwa lugha ya kawaida tatizo langu analielewaje na tutaanza na nini. Aniambie alijifunzia wapi CBT yenyewe, siyo saikolojia kwa ujumla, na nani anamkagua kazi yake, maana hata madaktari bingwa wanakaa wakajadili wagonjwa na wenzao. Aseme atakuwa ananipima kwa kipimo gani. Na tukae vikao vinne au vitano, tuangalie alama, kama hazisogei aseme mwenyewe kwamba tubadili njia au nimtafute mwingine. Mtu akijibu hayo bila kununa, hata kama majibu hayajakamilika, nitamlipa kesho asubuhi.

Na wewe unayesoma huku una mawazo ya kujiua, haya mabango achana nayo kabisa. Usisubiri miadi ya mtandaoni. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hospitali leo hii.

NYONGEZA: Naona uzi umechangamka, najibu wachache.

Mkuu wa Nakuru unayeuliza Kenya utamjuaje mtaalamu wa kweli, kwenu kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014. Anzia hapo, mwombe mtaalamu namba yake ya usajili kabla hamjaongea bei. Haitakuhakikishia kwamba anajua CBT, lakini akikwepa swali umeshapata jibu.

Uliyeandika "Wabongo mnapenda makaratasi, ushauri hauhitaji shahada", mbona tunakubaliana? Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mradi wake mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani, wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Wamefundishwa njia moja ya kutatua matatizo, yenye hatua, na wanaifuata. Utafiti wao ulitoka mwaka 2016 kwenye jarida la madaktari wa Marekani, na waliohudumiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi ukiwauliza wanafanya nini watakwambia, tena bila kukuita mjuaji. Sijaomba shahada ya mtu. Nimeomba anieleze.

Dada mwanafunzi wa saikolojia, asante. Umejibu kwa mistari michache, umesema wazi kwamba bado hujaruhusiwa kutibu peke yako, na umenieleza mazoezi ya kupumua haraka vizuri kuliko wote niliowalipa. Ukimaliza chuo urudi hapa uzini.

Wanaonitumia inboksi za "mkuu mimi ninatibu, karibu ofa ya mwezi huu", sijibu. Maswali yako hapo juu, yajibuni hadharani ili na wengine wasome.

Na ndugu mtaalamu uliyeandika kwamba nimechafua fani, kwamba mteja mwenye wasiwasi "kwa asili yake" hupenda kuhoji kila kitu na hilo lenyewe ni dalili. Sawa, ni dalili. Nimekubali. Sasa mimi mgonjwa wako mwenye dalili nakuuliza: nikija kwako na hofu ya daladala, kikao cha kwanza tunafanya nini? Nimeona uko hewani tangu saa mbili. Jibu hapa hapa.