Miezi 23, maneno saba. Nisubiri au nimpeleke?

Mama Kijana
Wazazi wenzangu, habari zenu. Naombeni ushauri, wiki ya tatu hii silali vizuri.

Mwanangu wa kiume ana miezi 23. Maneno yake nimeyaandika daftarini: mama, baba, maji, hapana, gari, toka, na paka, ambaye yeye humwita "aka". Basi. Akitaka kitu ananishika kidole, ananivuta mpaka kabatini, ananyoosha mkono juu na kuguna. Nikikosea nikampa kikombe kumbe alitaka mpira, anajitupa chini na kulia mpaka anatota jasho. Jana nilikaa sakafuni pembeni yake, nami nikalia.

Kuelewa anaelewa. Nikimwambia alete viatu vyake, anavileta hata vikiwa chini ya kitanda. Anacheka, ananitazama usoni. Ila akiwa amenipa mgongo nikamwita, mara nyingi haitiki mpaka nimguse bega. Ukaidi umemwanza mapema.

Wifi yangu anasema wavulana ndivyo walivyo. Mama mkwe anasema tunamchanganya kwa lugha mbili, maana mimi nasema naye Kiswahili na baba yake lugha ya kwao. Tuache moja? Tungoje atimize miaka miwili na nusu?

Mama wa Watatu
Pole sana, mdogo wangu. Hapo kwenye kumwita akiwa amekupa mgongo ndipo nimesoma mara mbili. Wangu wa pili alikuwa vivyo hivyo. Mafua yalikuwa hayamwishi, na kila yakipungua nilidhani amepona, kumbe maji yamebaki nyuma ya ngoma ya sikio. Homa hana, usaha hakuna, sikio halishiki. Alikuwa anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Nilimgombeza miezi mizima nikidhani hataki kunisikiliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Leo akiwa anacheza, simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida. Usikanyage kwa kishindo, mtikisiko ataupata miguuni. Lakini hata akigeuka, mpeleke akapimwe masikio. Haiumi. Wangu aliwekewa kijimpira mlangoni mwa sikio, sekunde chache, ikaisha.

Mtaalamu wa usemi
Nafanya tiba ya usemi kwa watoto. Kufikia miaka miwili tunategemea maneno kama 50, na mtoto awe ameanza kuunganisha mawili, kama "mama njoo". Kwa hiyo msingoje. Wavulana huchelewa kidogo kweli, lakini si kwa kiasi hicho. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na msiache hata moja. Je, maneno ya lugha ya baba yake umeyahesabu? Nayo yamo. Kule kuelewa na kukutazama usoni ni dalili njema, zitaje kwa daktari.

Nyumbani, acheni "sema maji! sema!" Akikuvuta kabatini, chuchumaa mdomo wako uwe mbele ya macho yake. Shika vyote viwili: "Mpira? Kikombe?" Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Akinyooshea mpira, sema "mpira" na umpe hapo hapo. Usimnyime mpaka atamke, utamfundisha kilio.

Mama Kijana
Nimemwita mara tano toka nyuma, tatu hakugeuka. Ya baba yake ni manne, hatukuwahi kuyahesabu, kwa hiyo ni kumi na moja. Baba yake ameomba ruhusa kazini, tunakwenda keshokutwa. Lakini ameamka na mafua. Tuahirishe?

Mama wa Watatu
Msiahirishe. Mwambieni daktari ana mafua, na kwamba hushikwa mara kwa mara. Wakikuta maji, huenda wakawaambia mrudi apimwe tena baada ya miezi kama mitatu, kwa sababu mara nyingi hukauka yenyewe. Mimi niliposikia hivyo nikaona nimefukuzwa, nikakaa kimya nusu mwaka. Wewe ondoka pale na tarehe mkononi. Na hiyo miezi mitatu zimeni televisheni mnapoongea naye, na msimwite kutoka chumba cha pili. Mfuate alipo.