Kwa nini rola kosta ya mbao ilivuliwa reli zake na kuvishwa za chuma?

Bint Mkunazini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninawaandalia wanafunzi wangu somo la mwendo na nishati, nao pembea wanazozijua ni zile za viwanja vya Kariakoo wakati wa sikukuu. Nimechagua mfano wa Texas Giant ya Arlington, Marekani, rola kosta, yaani treni ya mchezo ya kupanda na kuteremka kwa kasi, iliyofunguliwa mwaka 1990 juu ya reli za mbao, ikafungwa 2009, kisha ikarudi 2011 ikiwa na reli za chuma. Kwa nini hawakuibomoa yote, au wakabadilisha mbao kwa mbao?

Mhandisi wa Mbweni
Waalaykum salaam, Mwalimu. Kubadilisha mbao kwa mbao ndiyo kazi ya kawaida ya matunzo ya treni hizi, na gharama yake haina mwisho. Reli ya zamani ni mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na juu yake umepigiliwa ukanda mwembamba wa chuma ambao gurudumu hupita. Treni inapofika chini ya mteremko hukandamiza reli kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wake wenyewe. Basi mbao hubonyea, viungio hulegea, gurudumu huanza kugonga, na kila pigo huzidisha bonde lililokwisha kuanza. Abiria hushuka wakilalamika shingo na mgongo.

Kampuni ya Rocky Mountain Construction ya Idaho, iliyoanzishwa na Fred Grubb, pamoja na mhandisi Alan Schilke, ilileta reli ya mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa, yenye umbo la herufi I, ikafungwa juu ya kiunzi kilekile cha mbao. Mteremko wa kwanza ukawa wa nyuzi 79, na katika baadhi ya kona reli ikalazwa kupita nyuzi 90.

Fundi wa Wete
Niongeze kwa upande wa useremala, Mwalimu, kwani hapa ndipo penye jibu la kwa nini kiunzi kilibakizwa. Mti hustahimili sana mzigo unaoshuka kwa urefu wa nyuzi zake, kama ilivyo kwa nguzo iliyosimama, lakini ukiulaza na kuukandamiza ubavuni hubonyea mapema. Tazameni mlango wa zamani: kizingiti kimeliwa na nyayo, ilhali miimo ingali imara. Reli ya mbao ililazwa, nguzo zilisimamishwa. Kilichochakaa zaidi ndicho kilichoondolewa. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa fundi anayeujua mti.

Mkaazi wa Mji Mkongwe
Ninaheshimu maelezo hayo, lakini tusiyaite yote uhifadhi. Mean Streak, treni ya mbao ya kiwanja cha michezo cha Cedar Point, Ohio, ilifunguliwa 1991 ikiwa na kimo cha takriban mita 49. Ilifungwa 2016, na 2018, baada ya kuvishwa reli za chuma, ikazaliwa Steel Vengeance yenye kimo cha mita 62, mteremko wa nyuzi 90, mwendo wa kilomita 119 kwa saa, na mahali 4 ambapo abiria hupinduliwa kichwa chini. Njia ya zamani haipo tena, na aliyeipanda Mean Streak hawezi kumwonesha mwanawe alichokihisi.

Bint Mkunazini
Ahsanteni sana. Je, treni yenye nguzo za mbao na reli za chuma ihesabiwe ya mbao au ya chuma?

Mhandisi wa Mbweni
Kwa desturi hutazamwa reli, Mwalimu, si nguzo. Cyclone ya Coney Island, New York, iliyofunguliwa 1927, ina kiunzi cha chuma na reli ya mbao, na siku zote huhesabiwa ya mbao. Hiyo imetangazwa kuwa alama ya kihistoria ya Jiji la New York na kuorodheshwa katika rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, kwa hiyo hoja ya ndugu yetu wa Mji Mkongwe ina mashiko: ya namna ile itengenezwe kwa mbao, hata kama gharama ni kubwa. Kwa Texas Giant, waandikieni wanafunzi miaka yote miwili, 1990 na 2011, kwa sababu mwendo wa treni ya pili ulikuwa tofauti na wa ile ya kwanza.