Mahindi ya mavuno: tuyanadi yote, au tuhifadhi sehemu kwa ajili ya maafa?

Mleta mada (mzee wa kanisa, Tukuyu)

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo baraza letu la wazee limeijadili bila kufikia mwafaka, nami naomba mawazo ya sharika na parokia nyingine za Nyanda za Juu Kusini. Kila mwaka, katika Sikukuu ya Mavuno, waumini huleta ibadani mahindi, maharage, ndizi na viazi, na vyote hupigwa mnada siku hiyo hiyo. Fedha huenda kwenye ujenzi, kwenye mgawo wa dayosisi na kwenye posho za watumishi. Kisha kifuku kinapokolea, mito inapofurika kule Kyela au kilima kinapomeguka huku kwetu, tunasimama tena mbele ya waumini wale wale kuwaomba unga, wakati ambapo ghala za wengi zimekaribia kuwa tupu na debe la mahindi halishikiki kwa bei.

Napendekeza kwamba katika kila magunia matano ya mavuno, moja lisiuzwe bali liwekwe ghalani hadi mvua zikatike. Maafa yakitokea, chakula kipo. Yasipotokea, mahindi yauzwe kabla ya mapya kuingia sokoni, na kwa kawaida bei yake itakuwa nzuri kuliko ya msimu wa mavuno. Kipimo cha sehemu ya tano ndicho Yusufu alichomshauri Farao, wala sioni kwa nini tukihubiri kila mwaka bila kukitenda.

Wapo wanaosema maafa ni ya watu wa mabondeni. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilishuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 14, 2024, Mlima Kawetere ulimeguka katika kata ya Itezi, ndani ya Jiji la Mbeya, na tope likafunika nyumba na majengo ya shule. Siku zote mbili zilikuwa Jumapili, siku ambayo kanisa ndilo jengo lenye watu wengi kuliko yote mtaani. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ya udongo wetu imetokana na majivu ya volkano, na miteremko tumeikata kwa ajili ya viwanja na mashamba. Sielewi tunangoja ishara gani nyingine.

Mtunza hazina wa usharika, Njombe

Mzee wangu, shikamoo. Nia yako naiheshimu, lakini napinga pendekezo lenyewe, na sababu yangu kubwa inatokana na mnada wa kanisa jinsi ulivyo. Muumini hanunui debe kwa bei ya soko. Anashindana na mwenzake kwa moyo wa kutoa, na mara nyingi debe moja huingiza fedha ambazo sokoni zingenunua madebe matatu au zaidi. Gunia unaloliondoa mnadani linaondoka pamoja na ushindani huo, na hakuna bei ya mwezi wa nne itakayoufidia.

Pili, mahindi ghalani yanataka mifuko isiyopitisha hewa, dawa ya dumuzi, kufuli na mtu wa kuwajibika. Fedha ya sadaka naipeleka benki na kuitolea hesabu, lakini gunia lililopungua kilo kumi kwa sababu ya panya nitalitoleaje hesabu mbele ya mkutano mkuu wa usharika? Tatu, tunalipa kodi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala pale Makambako. Kanisa likijitwika wajibu wa Serikali, nani atawauliza wenye wajibu huo?

Mama wa jumuiya, Mbeya Mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na naona ndugu zangu mnabishana juu ya gunia kabla ya kuulizana nani atalipokea. Sisi tuna jumuiya ndogo ndogo, nanyi Walutheri na Wamoravian mna ibada za nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa tunakutana kila wiki, tukizunguka kutoka nyumba moja hadi nyingine, mwenyekiti wa jumuiya anajua bibi gani analala peke yake, mtoto gani hawezi kutembea, na nyumba ya nani imepakana na korongo. Hakuna ofisi yenye taarifa hizo, lakini hata sisi hatujaziandika popote. Naomba kila jumuiya iwe na daftari, na kila nyumba iliyo hatarini iandikiwe jirani mmoja atakayekwenda kuigonga usiku Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa. Majirani zetu Waislamu na wasiosali popote waandikwe humo humo, kwa idhini yao.

Jambo jingine: mtu aliyetolewa kwenye tope hapiki ugali usiku ule. Anahitaji turubai, blanketi kavu, maji safi, na wanawake wanahitaji taulo za kike, ambazo wanaume wanaopanga misaada huzisahau daima. Nguo zilizochanika tafadhali zibaki majumbani mwenu. Kumpa aliyefiwa kitu ambacho wewe mwenyewe usingekivaa ni kumwongezea msiba.

Mtumishi mstaafu wa halmashauri, Iringa

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi ngazi za chini kabisa, hivyo swali la nani aratibu limekwisha kujibiwa. Kinachokosekana ni viongozi wa dini kwenda kuuliza kamati ya kijiji au mtaa wao inakutana lini. Kila kanisa likileta lori lake na bango lake, familia iliyo karibu na barabara itapokea mara tatu, na iliyo ng'ambo ya mto haitapata kitu. Mabishano yaliyofuata tetemeko la Kagera la Septemba 2016, kuhusu matumizi ya michango, yanatosha kutuonyesha kwamba kilichopokelewa na kilichotolewa lazima kibandikwe ukutani, kila mtu akisome.

Pia nauliza mtakakowalaza waathirika. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilifikia ukubwa wa takriban 7.4. Makanisa yetu mengi ni ya tofali za kuchoma, yenye ukuta mrefu wa pembetatu chini ya paa, na mengine hayana lenta ya zege inayozunguka jengo lote. Ukuta huo ni miongoni mwa sehemu zinazotangulia kuanguka. Mwiteni mhandisi alikague jengo kabla ya kulitangaza kuwa kimbilio.

Mleta mada

Nashukuru. Hoja ya mnada ni nzito, lakini nadhani ina njia. Katika harambee zetu ni kawaida mtu kununua kitu kisha akakirudisha. Basi magunia ya maafa yanadiwe kwanza, ushindani uwe ule ule, fedha ziingie hazina, na mnunuzi alikabidhi gunia ghalani. Mtunza hazina hapotezi kitu, na upungufu wa kilo unaweza kuandikwa kila mwezi na watu watatu, mmoja wao kutoka kamati ya maafa ya kijiji.

Kuhusu Makambako sikubaliani. Ghala la taifa lina kazi yake, lakini kalavati likichukuliwa na maji, kijiji kinakaa siku mbili au tatu kikijitegemea, na ni siku hizo ninazozisemea. Daftari la mama yetu nitalipeleka barazani kama hoja ya kwanza, kabla ya magunia, kwa sababu halina gharama na linaweza kuanza wiki hii.

Katika baraza letu wapo wazee wanaotaka chakula hicho kiwe cha washarika kwanza. Mimi nitapinga hadi mwisho. Shamba lililotoa mahindi hayo limelimwa na vibarua wa kila dini. Sasa nawaomba walio kandokando ya mito Kiwira na Mbaka watueleze wanahifadhi wapi chakula, ikiwa ghala lenyewe liko mahali panapofurika.