Shangazi kaona kisanduku kitupu

Binti Tanga: Wakuu, naomba kueleweshwa. Juzi nilimtumia shangazi SMS ya pole, mwishoni nikaweka ile emoji ya uso unaozuia machozi. Kwake kikatokea kisanduku kitupu, akadhani nimekatisha maneno makusudi. Imeniuma, tumetoka kuzika wiki hii. Na hata zinazofika, mbona kwake zina sura nyingine?

Fundi Simu: Pole sana dada. Simu haitumi picha, inatuma namba. Unicode, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta, ndio wanaogawa namba na jina la kila emoji. Kuchora ni kazi ya kila kampuni, ndiyo maana Apple, Google na Samsung hazifanani. Uso huo uliingia 2021. Simu ya zamani ambayo haijasasishwa inaipokea namba, ila mchoro wake haina.

Mwl. wa Kompyuta: Mfano unaonikera ni bastola. Apple waliifanya ya maji 2016, Google na Samsung wakafuata 2018. Fikiria miaka yote hiyo: wewe unatuma kichezeo, mwenzio anaona silaha! Na namba ni ileile, 1F52B.

Binti Tanga: Lakini WhatsApp mimi na mdogo wangu tunaona sawa, na simu zetu ni tofauti.

Fundi Simu: Zote ni Android, sivyo? Huko WhatsApp inatumia michoro yake yenyewe, haiazimi ya simu. SMS inategemea simu.

Binti Tanga: Ndiyo, zote Android. Asanteni mno. Nimempigia shangazi sasa hivi, nimemsomea ujumbe wote kwa mdomo.