Mnaomwita Heathcliff "mpenzi wa kweli", Wuthering Heights mliisoma au mlisimuliwa?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Leo natoa nyongo, mtanisamehe.

Kuna kundi la wasomaji nimo, sitalitaja. Mwenye kundi katuma "uchambuzi wa wahusika" wa riwaya ya Emily Brontë, nikaufungua kwa hamu kubwa. Heathcliff: mhusika mkuu, ana mapenzi ya dhati, mvumilivu, ana msimamo. Basi chini yake watu wanamwaga vikopa, mara "Mungu nipe wangu", mara "wanaume wa hivi waliisha". Waliisha wapi? Na nani anawataka?

Tuanze na kile kijibwa. Usiku ambao Isabella Linton, binti wa jumba la kitajiri la Thrushcross Grange, anatoroka na Heathcliff, yaya Nelly Dean anapita bustanini anakuta kitu cheupe kinafurukuta ukutani gizani. Ni kijibwa cha Isabella, Fanny, kimetundikwa kwa leso kwenye ndoano ya kufungia farasi, kinakaribia kukata roho. Aliyekitundika ni bwana harusi. Na hasingiziwi: sura ya 14 anajisemea mwenyewe, mkewe akiwa papo hapo, kwamba hilo ndilo jambo la kwanza Isabella alilomwona akifanya walipotoka nyumbani, na bado binti wa watu akaendelea kumdhania shujaa wa hadithi za mapenzi. Anamcheka! Yaani mnachokiita uchambuzi ndicho Heathcliff anachokifanyia mzaha kitabuni, na kitabu kimetoka 1847.

Baadaye anamrushia mkewe huyo kisu, kinampata chini ya sikio. Anamdaka Cathy mdogo, binti wa Catherine Earnshaw, mwanamke huyohuyo aliyempenda "kwa dhati", anamzaba makofi, anamfungia ndani mpaka akubali kuolewa na Linton, mtoto wake Heathcliff, kijana mgonjwa anayekufa. Baba wa binti naye yuko kitandani anakata roho, anamwulizia mwanawe. Hesabu ya Heathcliff ni mali ya Thrushcross Grange tu. Kwenye ule uchambuzi haya yote yamepewa sentensi moja: "wakati mwingine ni mkali."

Wakati mwingine!

Najua mtakuja na lile jibu lenu: aliteswa utotoni. Sibishi hata kidogo. Mzee Earnshaw, baba wa Catherine na Hindley, alimwokota Liverpool hana kwao, Hindley akampiga tangu siku za mwanzo, na mzee alipofariki akamshusha daraja kuwa kibarua wa shamba na masomo akamkatia. Halafu Heathcliff anajibanza kwenye benchi jikoni, anamsikia Catherine akisema kuolewa naye kutamshushia hadhi, anaondoka kabla hajasikia jinsi anavyompenda. Inauma. Kila nikifika hapo namwonea huruma upya.

Ila kama mateso ndiyo yanamwondolea mtu lawama, basi nielezeni Hareton.

Maana hapa ndipo nilipokasirika kwelikweli. Uchambuzi umemwandika Hareton Earnshaw hivi: "mhusika mdogo, mshamba, hana adabu." Basi. Kamaliza! Huyu ni mtoto wa Hindley. Mama kamfia akiwa mchanga, baba mlevi ndiye aliyemwachia kutoka juu ya ngazi. Heathcliff alikuwa anapita chini, akamdaka bila kufikiri, kisha alipogundua kamwokoa mtoto wa adui yake uso ukamshuka kwa majuto. Hindley alipokufa, Heathcliff akampandisha mtoto mezani akamwambia sasa wewe ni wangu, tutaona kama mti huu nao hautapinda ukipigwa na upepo uleule uliopinda ule mwingine. Alitamka wazi kwamba anamfanyia aliyofanyiwa yeye. Hakumfundisha kusoma. Akamgeuza mtumishi asiyelipwa katika nyumba ya babu zake.

Juu ya mlango wa nyumba ile limechongwa jina lake mwenyewe, Hareton Earnshaw, na mwaka 1500. Kila siku anapita chini yake na hawezi kulisoma. Linton anamcheka kwa hilo mbele ya Cathy. Kijana wa watu anakaa, anajifundisha kimyakimya, halafu siku moja anamsimamisha Cathy mlangoni, kifua mbele, anamwambia sasa naweza kulisoma lile. Analisoma silabi kwa silabi. Cathy anamuuliza, na zile tarakimu? Anajibu hajazijua bado. Cathy naye anacheka.

Upepo uleule, wakuu. Na mti huu haukupinda. Hakumfungia binti wa mtu. Cathy alipokuja kujirudi na kukaa naye kumfundisha, alijifunza, wakapendana, na mwisho wa kitabu wanasubiri kufunga ndoa siku ya Mwaka Mpya. Ukimwondoa Hareton kwenye uchambuzi umeondoa jibu lote la mwandishi kuhusu Heathcliff. Halafu unamwita mhusika mdogo?

Nelly ndiyo kabisa, hata hakutajwa kama msimulizi, wakati karibu yote tunayoyajua yamepita mdomoni mwake. Na yule mama si malaika. Siku ile ya jikoni alimwona Heathcliff akinyanyuka kwenye benchi na kutoka, Catherine alipomuuliza mbona ananyamazishwa akamjibu ni Joseph, mtumishi wa nyumba, anakuja. Mchambuzi hajaliona hilo.

Nina shaka watu wengi wanachambua filamu. Ile ya 1939 ilikata kizazi cha pili chote, hakuna Hareton mkubwa wala Cathy mdogo, kwa hiyo aliyeishia hapo kweli ataona mapenzi tu. Sawa, furahini na filamu yenu, lakini msituandikie "uchambuzi wa riwaya".

Niliuliza haya yote kule kundini kwa heshima. Nikajibiwa "kila mtu na mtazamo wake", kisha comments zikafungwa. Mtazamo gani? Mtazamo ni wa mtu aliyefika ukurasa wa mwisho.

Sasa nalileta huku. Anayebisha aje na sura, asije na vikopa. Na kama kuna aliyekisoma chote anisaidie hili moja, maana sijatosheka na majibu yangu mwenyewe: Heathcliff alipokufa, Hareton ndiye aliyekaa na maiti usiku kucha, analia, anaushika mkono na kuubusu ule uso ambao wengine waliogopa hata kuutazama. Yeye, aliyedhulumiwa kuliko wote. Alikuwa anamlilia nani?