Betri zikishuka bei, je, gridi ya umeme itahimili?

Swali
Wadau, bei ya betri za lithiamu, zikiwemo za magari ya umeme, ilizidi dola 1,000 kwa kila kilowati-saa (uniti moja ya umeme) ambayo betri inaweza kuhifadhi mwaka 2010, na kufikia mwaka 2024 wastani ulikuwa takriban dola 115. Ikiwa kila nyumba itamiliki gari la aina hiyo, je, umeme utatosha?

Jibu la 1
Shida kubwa si kiasi cha umeme bali saa ya kuchaji. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 huvuta umeme unaokaribia ule wa birika tatu zinazochemka kwa pamoja, tena kwa saa kadhaa mfululizo. Majirani kumi wakirudi saa 12 jioni na kuchomeka magari yao papo hapo, transfoma ya mtaa ndiyo itakayolemewa kwanza, hata kama mitambo ya kuzalisha umeme ina akiba.

Jibu la 2
Naafiki, lakini gari linalotembea kilomita 40 kwa siku hutumia takriban kilowati-saa 7, yaani saa moja tu ya chaja hiyo, kwa hiyo linaweza kusubiri hadi usiku wa manane.

Jibu la 3
Kuhusu bei, betri za chuma na fosfeti, zisizohitaji kobalti wala nikeli, zimesaidia sana. Hata hivyo, dola 115 ni wastani wa bei wanayolipa watengenezaji. Atakayebadilisha betri gereji asitarajie kutozwa hiyo.

Muulizaji
Nashukuru. Kumbe nilipaswa kuuliza kuhusu transfoma.