Daktari wa familia na zamu za kazualti: niikubali kazi hii?

DaktariDonholm
Habari zenu. Nimemaliza miaka minne ya udaktari wa familia, na sasa hospitali moja ya binafsi hapa Nairobi inanitaka kwa zamu za usiku kazualti, yaani kitengo cha dharura. Nilienda zamu moja ya majaribio. Daktari niliyemkuta akaniambia mbele ya manesi: "Wewe si wa kliniki ya sukari na presha? Hapa watu wanakufa." Neno hilo halijanitoka.

Usiku uleule, kama saa tisa, boda ilileta mzee amelegea, shati limelowa jasho. Sukari 1.9, imeshuka vibaya. Tukamtilia dekstrosi, maji ya sukari, kwenye mshipa, akafumbua macho, akauliza viatu vyake viko wapi. Mwenzangu akaanza kumwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikamwomba bintiye anionyeshe dawa za baba. Akafungua karatasi ya nailoni: glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Nikabonyeza mguu wa mzee, kidole kikaacha shimo: umejaa maji, nikashuku figo. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka inakaa zaidi. Dekstrosi ikiisha nguvu, sukari inashuka tena, na safari hii mtu amelala kwake na mlango umefungwa. Nikakataa asiondoke. Saa kumi na moja tulipima tena: imerudi chini, 2.6.

Kwa hiyo sikubali kwamba si mahali pangu. Lakini mrija wa kifuani nimeweka mara chache, na mgonjwa asiyepumua bado ananitetemesha. Mngenishauri nini?

SistaWaUsiku
Daktari, njoo. Nina miaka kumi na moja kazualti. Watu hudhani ni damu tu usiku kucha, kumbe wengi ni pumu, presha iliyopanda, mtoto mwenye degedege, mama mjamzito anayetoka damu. Hao ni wako kabisa. Ila kabla ya kutia sahihi, uliza nani mwingine yuko zamu na wewe, na daktari wa upasuaji akiitwa anafika baada ya muda gani. Matatu ikipinduka barabara ya Outering, daktari mmoja hatoshi, awe wa taaluma yoyote.

MkenyaKanada
Huku Kanada jambo hili lina njia yake. Daktari wa familia husomea miaka miwili, na akitaka kazi ya dharura huongeza mwaka mmoja wa mafunzo hayo tu. Wapo pia wanaosomea dharura peke yake miaka mitano. Kwenye miji midogo, kazualti nyingi zinaendeshwa na madaktari wa familia.

WaDharura
Dada, mimi ni daktari wa dharura. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufunza madaktari wa familia mwaka 2005 na walilengwa hasa hospitali za wilaya, ambako kazualti ni sehemu ya kazi. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikutaja atibiwe na daktari wa aina gani. Hilo la kupumua lina dawa: omba wiki mbili za asubuhi thieta, chumba cha upasuaji, kwa wataalamu wa nusu kaputi. Shika taya, bana barakoa, pampu hewa hadi uone kifua kinapanda. Mrija wa koo ufuate baadaye. Anayejua kumpa mgonjwa hewa kwa barakoa amejinunulia muda wa kuita msaada.

DaktariDonholm
Asanteni sana. Nimewaandikia leo: nitaanza baada ya wiki hizo mbili za thieta, na mwezi wa kwanza nisiwe peke yangu usiku. Mzee amelazwa, figo zinashughulikiwa, na glibenklamaidi imesimamishwa.